Theda Anakukaribisha Chai

Hilke Focken alijua fika kwamba anafanya jambo baya. Tangu Theda Wübbena azikwe mwezi wa Januari, mvua ya upepo ikiwachapa waombolezaji ubavuni, kila mtu aliyejiandikisha kupata habari za duka la chai la pale Ditzum, kijiji cha pwani ya Ujerumani, alikuwa akipokea barua pepe ya kukaribishwa kutoka kwa huyo huyo Theda. Barua zilikwenda zenyewe. Mtu anaandika jina lake la kwanza na anwani yake, anabonyeza, na kabla hajaweka simu chini, marehemu ameshamwandikia.

Barua hizo alizitunga Hilke mwenyewe, Theda akiwa hai, na alizitunga vizuri, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Theda alikuwa hodari wa kuchanganya majani ya chai, lakini kompyuta aliiogopa kuliko mbwa wa jirani. Basi Hilke, aliyekuwa mfanyakazi wake tu na si ndugu, alikaa naye chumba cha nyuma ya duka, akasikiliza anavyoongea, kisha akaandika kama yeye. Ya kwanza ilisema: nimefurahi mno umekuja, mimi Theda, nilikuwa nakungoja, Jumamosi alasiri chai huwa tayari, na kikombe chako kipo mezani. Ya pili ilikwenda Jumamosi inayofuata, saa ya chai, kuuliza kama majani yamempendeza. Kulikuwa na ya kuaga pia, ya kumwendea anayejitoa.

Theda alipokuwa akisomewa, aliguna. Alisema huko ni kuwalaghai watu, je wakija kweli? Hilke akamtuliza kwamba hawaji, ni maneno ya ukarimu tu, na watu wa kwetu hawaingii nyumba ya mtu bila kupatana siku na saa. Barua moja tu ndiyo iliyomfanya Theda ataje neno la kuandika, ile ya kuaga. Alimwambia Hilke atie hapo neno "sina kinyongo", basi, na asiongeze chumvi. Hilke akalitia, wala hakuuliza.

Hilo la kikombe nalo hakulitoa hewani. Theda kila siku alipanga mezani vikombe vitatu, vyenye waridi jekundu, ingawa wanywaji walikuwa wawili. Siku moja Hilke alimuuliza cha tatu ni cha nani, akajibiwa kwamba kikae pale pale, kwani kinamla nini?

Basi Theda akafa, akamwachia Hilke duka, na barua zikaendelea. Mwanzoni Hilke alijiambia atazibadilisha wiki ijayo. Kisha akajaribu. Aliandika "Mimi ni Hilke", akaisoma, akaiona imepooza kama maji ya moto yasiyotiwa majani. Na wateja walikuwa wakimpenda Theda. Walimjibu, wakamsimulia habari za wajukuu na magoti yao, wakaagiza chai. Hilke akafunga macho. Mumewe, Focko, alimtania mbele ya wageni kwamba marehemu ana bidii kuliko wote kijijini, tangu azikwe hajakosa kazini hata siku moja. Watu walicheka na Hilke akacheka nao, kisha akaenda kusimama jikoni peke yake mpaka uso ulipopoa.

Pasaka ilipofika alizidisha. Ili majina mapya yapatikane, alitangaza bahati nasibu, na zawadi ikawa kikombe cha Theda, kile cha tatu. Akashinda mama mmoja wa Stuttgart. Hilke alikifunga vizuri kwa karatasi, akakipeleka posta, na njiani kurudi alijisikia kama mtu aliyeiba kanisani. Lakini majina yalipatikana.

Jumamosi moja ya Oktoba, alasiri, akaingia mzee mrefu, koti linachuruzika maji, mkononi boksi la biskuti lililofungwa utepe. Alisalimu kwa Moin ya watu wa hapa, akajitambulisha kuwa ni Eilert, ametoka Bremerhaven kwa basi, na Theda anamjua. Amealikwa. Akatoa simu na kumwonyesha.

Hilke aliyasoma maneno yake mwenyewe. Eilert, nimefurahi mno umekuja. Nilikuwa nakungoja.

"Mimi ni mdogo wake," mzee alisema. "Niliandika jina langu kwenye huo mtandao wenu ili nione tu kama duka bado lipo. Sikutegemea atanijibu papo hapo."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Mtu mwenye moyo angesema. Lakini kwetu mgeni aliyetoka mvuani hapewi habari nzito koo likiwa kavu, kwanza chai, na Hilke aliishika desturi hiyo kwa mikono miwili kama mtu anayezama. Alisema tu, "Kaa kwanza, mzee wangu, unywe chai." Akamvua koti, akampeleka nyuma ya duka, akapanga vikombe viwili.

Alitia jiwe la sukari, akamimina, sukari ikalia kwa kupasuka, akaachia malai pembeni bila kukoroga. Mzee alinywa cha kwanza akiangalia kila pembe ya chumba. Kisha akasimulia, tena bila kuombwa. Siku waliyomzika mama yao, yeye na Theda waligombea nyumba mbele ya waombolezaji. Baada ya kikombe cha pili alitia kijiko ndani ya kikombe, ishara ya kwamba ametosheka, akachukua kofia akaondoka. Kukataa cha tatu kwa watu wa hapa ni tusi, na kukikataa kwenye chai ya matanga ya mama yako ni kumtemea mate mwenye nyumba. Theda alimfuata hadi mlangoni.

"Akaniambia, cha tatu kitakaa mezani mpaka siku utakayokuja kukinywa," Eilert alisema. "Mimi nikamjibu neno ambalo sitalirudia hapa. Ndiyo ikawa mwisho wetu. Sasa ananiandikia kikombe chako kipo mezani. Nililia, mama, sikufichi. Mzee mzima, kwenye kituo cha basi."

Hilke akamimina cha pili mpaka chai ikafurika kwenye kisahani. Moyoni alijitukana. Alikuwa amejipa muda wa vikombe vitatu, na kimoja kilishakwisha bure. Ndipo simu ya mzee ikalia juu ya meza, na Hilke, kwa kuchelewa kabisa, akakumbuka kwamba leo ni Jumamosi na hii ndiyo saa ya chai.

Eilert akavaa miwani, akasoma kwa sauti. "Eilert, umeionaje chai yako? Niandikie, nasoma kila neno mwenyewe. Wako, Theda." Akacheka mpaka mabega yakatikisika, akanyanyua macho kwenye dari. "Kumbe yuko huko juu! Anaona haya kushuka? Mwambie ashuke, siumi."

"Theda alifariki Januari," Hilke alisema.

Mzee akabaki na kicheko usoni, kama taa ambayo mtu amesahau kuizima.

"Hizo barua nimeziandika mimi. Zinakwenda zenyewe, kwa kila anayejiandikisha. Jina tu ndilo linalobadilika."

"Kwa kila mtu?"

"Kila mtu. Nisamehe, mzee wangu. Hamna neno lake humo hata moja."

Aliona heri aseme hivyo, amalize uongo wote kwa mkupuo. Eilert alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaifuta tena. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, kama kikombe angalau kilikuwapo. Hilke akamwambia kilikuwapo, kila siku aliyomjua Theda, upande ule wa dirishani. Mzee akauliza kiko wapi, akione. Rafu nzima nyuma yao ilikuwa imejaa vikombe vya waridi jekundu, na Hilke angeweza kunyoosha mkono achukue chochote, na mzee asingejua.

"Nilikitoa zawadi," alisema. "Kiko Stuttgart."

Eilert akashika kijiko. Akakiangalia, akakitia ndani ya kikombe, na Hilke akainamisha kichwa, maana alistahili hilo na zaidi. Lakini mkono wa mzee haukuachia kijiko. Kisha akakitoa, akakilaza kwenye kisahani, akasukuma kikombe kuelekea kwake.

"Mara ile niliishia hapa hapa, kwenye cha pili," alisema. "Mimina."

Alikinywa cha tatu polepole. Alipovaa koti hakumpa Hilke mkono. Mlangoni alimwambia awaambie watu ukweli, na yeye mwenyewe asiandikiwe tena. Boksi la biskuti alilisahau mezani, au alimwachia Theda. Hilke hakuthubutu kumwita.

Alifunga duka mapema, akaketi mbele ya kompyuta na macho yake mekundu. Safari hii hakujali maneno yamepooza au hayakupooza. Aliandika: Mimi ni Hilke. Theda alifariki Januari, nami nikaendelea kutumia jina lake, nikakosa. Akabadilisha barua ya kwanza, akabadilisha ya pili, kisha akawapelekea ungamo hilo wote waliokuwa wamejiandikisha. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi alipumua mpaka chini ya mbavu. Akaenda kuosha vikombe.

Aliporudi, kompyuta ilikuwa na taarifa moja. Eilert amejitoa. Haki yake, Hilke alijiambia, nani wa kumlaumu. Halafu akaona mstari wa chini, kwamba barua ya kuaga imekwisha kutumwa. Hiyo hakuigusa. Aliisahau kabisa. Akaifungua aone amemfanyia nini tena mzee wa watu.

Eilert, umeamua kuondoka. Sina kinyongo. Siku ukirudi, kikombe chako kipo mezani. Wako, Theda.

Aliisoma mara mbili ndipo ikamwingia. Sina kinyongo. Lile halikuwa lake. Lile Theda alilitoa kwa kinywa chake, kwenye kiti hiki hiki, akakataza lisiongezwe chumvi, na huyu Eilert ndiye aliyekuwa akimwambia. Na yeye Hilke, saa mbili tu zilizopita, alikuwa amemwapia mzee kwamba hamna neno la dada yake hata moja.

Namba ya simu ya Eilert hakuwa nayo, na basi la Bremerhaven lilikwisha kuondoka. Akavuta kiti, akaandika: "Mzee Eilert, hii naandika mimi, Hilke. Hilo neno la kinyongo ni la Theda mwenyewe, naapa." Akaisoma. Hata yeye aliona inafanana na zile zote nyingine. Akaituma hivyo hivyo, na jibu hakupata.