Efrazia Mogesi, Aliyeuachia Mkono wa Bhoke

Alizaliwa Susuni, wilayani Tarime, mwaka 1949, katika boma lenye ng'ombe wengi na maneno mengi zaidi. Ulimi wake ulikuwa mkali tangu utoto, na tusimpake sukari leo kwa kuwa amelala kaburini. Alibatizwa akiwa msichana, akaolewa Nyansurura, Serengeti, na mumewe akafariki mwaka 1988 bila kumwachia mtoto. Mungu ashukuriwe, hakumtupa: parokia ilimpa kazi katika jiko la mapadre, akapika humo miaka ishirini.

Humo jikoni ndimo alimoitwa na Mungu, bila yeye kujua. Padre mmoja mzee, aliyewahi kufundisha Kilatini seminarini, alipenda kusimulia habari za Warumi wa kale huku akisubiri ugali. Siku moja alimweleza walivyobishana: mtumwa mwenye bwana mpole, je, si huru? Wenye hekima wao walikataa, maana upole wa bwana unaweza kuisha kesho asubuhi. Akamwambia pia kwamba bwana aliyetaka kumpa mtumwa uhuru alimshika mkono mbele ya hakimu, akamzungusha mara moja, akamwachia. Efrazia alicheka, akasema Warumi walikuwa na michezo, akaendelea kusonga ugali.

Mwaka 2010 alitoa ng'ombe kumi, akamwoa Bhoke, binti wa miaka ishirini, kwa desturi ya nyumba ntobhu, ambayo kwayo mwanamke asiye na mtoto wa kiume humwoa mwanamke mwenzake ili amzalie warithi. Hakumpiga wala kumnyima chakula, na alijisifia hilo hata kanisani. Asubuhi moja akamkuta analia zizini. "Nimekukosea nini, mwanangu?" Bhoke akajibu, "Hujanikosea, mama. Wewe ni mwema. Ila natamani kusomea ushonaji Sirari, na ukikataa, sina la kufanya." Efrazia alichomwa moyo, akamkumbuka yule mtumwa wa bwana mpole. Siku tatu alishindana na nafsi yake, maana aliwataka wajukuu ambao Bhoke angemzalia kuliko kitu chochote duniani.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, aliwakusanya wazee wa ukoo nje ya kanisa, Bhoke akiwa kando yake. Wakamwonya: "Ukimwachia huyu, mji wako umekufa. Nani atakuzika?" Aliogopa, mwenyewe alikiri baadaye. Akamshika Bhoke mkono, akamzungusha mara moja, akamwachia. "Ng'ombe wabaki kwa baba yake," akasema. "Binti huyu hana bwana ila Mungu."

Miaka kumi aliishi peke yake, na majirani wakamcheka kwamba ametupa mifugo. Alipopooza mwaka 2021, Bhoke alishuka kwenye pikipiki na cherehani na watoto wawili. "Nani amekuita?" akauliza mgonjwa. "Hakuna, mama. Nimekuja." Akamwogesha na kumlisha miezi saba, na tarehe 9 Februari 2022 ndiye aliyemfumba macho na kumzika. Wengine husimulia mvua iliyonyesha siku ya maziko baada ya ukame mrefu. Iwe hivyo, lakini mimi naona ajabu kubwa ni ile pikipiki.

Wajane wanne wa Nyansurura wameufuata mfano wake, wakawaachia mabinti waliowaoa, na tunamshukuru Mungu kwa kila mmoja wao. Nawe uliye baba, mwalimu au mwenyekiti, mtazame aliye chini ya mkono wako, ujiulize kama angerudi bila kuitwa. Kisha mwachie, ujue jibu.