Mjukuu Aliyemgomea Cheka Kidogo

Itangazwe kwa wazazi, walezi na wote wenye masikio: ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vyombo, anaishi bingwa wa tabia za watoto wachanga, ambaye hajapata kuletewa mtoto akamshinda. Jina lake la kuzaliwa limeshasahaulika. Watu humwita Cheka Kidogo, maana ndiyo sala yake nyuma ya kamera.

Studio yake ina pazia la mawingu lililochanika pembeni, stuli moja, na kopo lililotiwa kokoto. Mtoto akiingia tu, yeye keshampima. Kuna anayemchekea kila mtu, hata daktari mwenye sindano mkononi. Kuna anayelia kabla taa haijawaka, kama aliyetonywa. Na kuna yule anayekutazama kutoka begani kwa mama yake kama hakimu, akisubiri ujikoroge mwenyewe.

"Huyo ni wa kuviziwa," husema Cheka Kidogo. Basi hujificha nyuma ya pazia, akachomoka na kofia ya manyoya, kopo likilia chakacha! Mtoto huachama, kamera nayo hapo hapo. Pichani, kicheko na bumbuwazi ni ndugu wa tumbo moja, na wazazi huondoka wameridhika.

Kisha binti yake akaja kumtembelea na mtoto aliyeanza kutambaa. Zamani za kulala chali, mtoto huyu alimchekea babu yake mpaka akatoa udenda. Sasa alimtazama mara moja, akazika uso shingoni kwa mama.

"Ni umri tu, baba," binti alisema. "Kliniki wameniambia. Anaanza kubagua wa kwake na wa nje."

"Wa nje? Na hiyo pua kaitoa wapi?"

"Mke mwenzangu kakukataa," mkewe alidakia kutoka jikoni. "Ana macho, mtoto wa watu."

Cheka Kidogo alicheka nao, lakini lilimkaa rohoni. Alitaka kumpakata japo mara moja kabla hawajaondoka. Basi akafanya anachokijua: akamvizia. Alimvizia nyuma ya mlango, nyuma ya kochi, na chini ya meza ya chakula, akatoka na kofia kichwani. Mtoto alipiga ukelele hadi mwenye duka akapanda kuuliza kuna msiba gani. Tangu hapo, hata kikohozi cha babu kikisikika koridoni, mdomo wa chini ulianza kutetemeka.

"Baba, mwache akuzoee."

"Nitazoeleka lini, na kesho mnaondoka?"

Kesho ikafika. Sanduku lilisimama mlangoni. Binti alikuwa akikunja nepi, mtoto kakaa mkekani pembeni yake. Cheka Kidogo, ambaye hakuwa tena na hila wala hamu, alikaa chini kukaza stendi ya taa. Skrubu ikamponyoka, ikabingirika chini ya kabati. Akalala kifudifudi, shavu sakafuni, makalio juu, mkono umezama uvunguni hadi begani.

Mtoto akaitazama ile milima ya makalio. Akamtazama mama yake. Mama aliendelea kukunja bila kushtuka. Basi mtoto akatambaa, akatua, akatambaa tena. Akagusa soksi. Akapanda na mgongo, akafika kwenye sikio la babu yake na kulivuta kwa nguvu. Kisha akajilaza juu yake, akaguna.

Mikono ya binti ilisita. Bibi akatoka jikoni, mwiko mkononi, machozi yamemlengalenga.

"Nakuvulia kofia, mume wangu," alinong'ona. "Kujishusha vile mpaka sakafuni, mtoto akuone mdogo kama yeye! Hiyo hekima umeitoa wapi?"

Cheka Kidogo hakuthubutu kugeuza shingo.

"Natafuta skrubu," akasema.