Mafuta ya Mandazi kwenye Taa za Jeconia

Ukitaka Kawangware nzima ijue makosa yako kabla chai haijapoa, mkosee Mzee Jeconia. Mdomo wa yule mzee hauna breki. Nabwire, fundi wa umeme wa magari pale Kabiro, alilijua hilo vizuri, ndiyo maana aliweka koleo chini upesi alipoliona gari la mzee, Probox, likiingia.

"Nabwire! Taa zimekufa tena!" Jeconia alianza hata kabla hajafunga mlango. "Umetengeneza juzi tu, leo giza totoro. Jioni napeleka waimbaji wa kanisa Naivasha. Nitamulika na meno?"

Madereva waliokuwa wakinywa chai wakacheka. Mutiso, fundi jirani ambaye kazi yake kubwa ni kumezea mate wateja wa wenzake, akasogea akijifuta mikono iliyokuwa safi.

Nabwire aliuza nyanya miaka mingi kabla ya kujifunza waya, na watu walimcheka sana alipokodi ile kona ya kutengenezea magari. Wateja wake wa kwanza waliletwa na mdomo huohuo wa Jeconia. Sasa mdomo uliomjenga ulikuwa tayari kumbomoa, na yeye alikuwa na hofu, asikudanganye mtu.

"Tulia, Mzee, acha nione."

Fyuzi ilikuwa imeungua. Akaweka mpya, akawasha taa. Pap! Ikaungua nayo.

"Balbu hizo," Mutiso akasema. "Nunua mpya, Mzee."

"We Mutiso, wacha kelele." Nabwire alizichomoa balbu, akazijaribu moja kwa moja kwenye betri. Zote zikawaka vizuri. Basi ubaya ulikuwa kwenye waya. Akatenganisha betri, akaufuata waya kwa vidole mpaka nyuma ya taa. Hapo mpira wa waya ulikuwa umetafunwa, shaba iko uchi, inagusa bodi ya gari. Akaisogeza plagi puani, akanusa. Akanusa tena.

"Mzee, hapa ulipaka nini?"

"Si uliniambia mvua ikianza nipake jeli ya kujipaka, maji yasiingie? Jeli iliisha, mjukuu ana ngozi kavu. Nikachota mafuta kwenye karai ya mandazi ya mama watoto. Mafuta ni mafuta!"

"Na gari linalala wapi?"

"Kibera. Soweto East, karibu na jalala."

Wueh! Nabwire alicheka mpaka akakalia tairi. Panya wa jalala wameandaliwa karamu, wasile kwa nini?

Alikata kipande kilicholiwa, akaunga waya mpya kwa lehemu, akazungusha tepu, akauvisha bomba la plastiki. Plagi akazisafisha kwa msasa, akazipaka jeli kidogo kutoka mkoba wake. Taa zikawaka, zikaonekana hata mchana kweupe. Kisha akamtazama mzee mdomoni.

Jeconia akawageukia wanywa chai. "Sikieni nyinyi! Mimi, baba ya watu, nimewapikia panya! Na ni huyu mama amenusa mandazi ya mke wangu ndani ya boneti. Mnangoja nini? Leteni magari!"

Jumatatu asubuhi, kabla Nabwire hajafungua sanduku la vifaa, magari yalikuwa yamepanga foleni hadi kwa Mutiso. Dereva wa kwanza akashusha kioo, akaangalia huku na huku, akanong'ona:

"Mama, mimi nilipaka majarini."