Moshi Chini ya Mlango wa Nyuma

Nyumbani kwetu dereva ni mimi. Mume wangu ni fundi wa injini, na siku zote amependa kulala chini ya gari kuliko kukaa ndani yake. Kwa hiyo yeye hutengeneza, mimi huendesha, na watu wa Bweni, kijiji chetu kaskazini mwa kisiwa, walishazoea kuniona nikipita na pikapu yetu ya dabo kebini, yenye viti vya nyuma, kitambaa nimekifunga puani kwa sababu ya vumbi.

Gari lile lilipofika kisiwani lilikuwa dhaifu. Likipakiwa nazi, au samaki wa madagoni wanakopiga kambi wavuvi wa kuja, lilikwama mchangani na abiria wote wakashuka kusukuma. Mume wangu hakuweza kuvumilia. Akapata turbo, feni ya kusukuma hewa ndani ya injini, kwenye injini iliyokufa ya lori, akaifunga kwenye injini yetu. Akafungua skrubu ya pampu ili dizeli iingie kwa wingi. Kisha akakata bomba la ekzosi linalotoa moshi, akaondoa na sailensa inayopunguza kelele, bomba likaishia chini ya mlango wa nyuma. Alisema injini inataka kupumua.

Tangu hapo hatukukwama tena. Nikikanyaga mafuta gari lilichupa, na nyuma yangu barabara ilipotelea kwenye moshi mweusi. Majirani walijifunza kuanua nguo wakisikia naliwasha.

Mwaka jana ofisi moja ya afya kule mjini Kilindoni ilitafuta gari la kupeleka wajawazito wa kaskazini hospitali. Niliitaka kazi ile mpaka nikakosa raha. Mtoto wangu wa kwanza nilikwenda kumzaa nikiwa nimepakiwa kwenye pikipiki, kutoka Bweni hadi Kilindoni, na mashimo ya njia ile bado nayakumbuka mgongoni. Sharti lao moja lilinitisha: gari likaguliwe na moshi wake upimwe, maana wagonjwa wangekaa ndani kwa safari ndefu. Mkaguzi angevuka kutoka bara na mashine yake.

Alikuwa binti wa rika la mwanangu mkubwa. Aliniamkia shikamoo, nikamwitikia marahaba, akachuchumaa na kuingiza kijibomba cha mashine kwenye ekzosi. Akaniomba nikanyage mafuta mpaka mwisho. Nikakanyaga. Moshi ulipotawanyika nilimwona anajifuta uso kwa mkono wa shati, hana hasira, anasoma namba kwenye kioo cha mashine. Alinieleza kwa adabu kwamba tumezidi kiwango kwa mbali sana, na kwamba bomba lile haliwezi kubaki pale lilipo. Akasema nikiweza kulirudisha gari likiwa limetengenezwa kabla hajaondoka mwisho wa wiki, atalipima tena.

Nilirudi Bweni nikamkuta mume wangu kibarazani. Nilimsimulia yote, akatikisa kichwa.

"Nikibana pampu, utakwama mchangani na mama wa watu," alisema. "Hao wana mashine. Barabara yetu hawaijui."

"Basi nikwame, baba watoto. Nitachimba."

Aliinuka akaingia ndani. Siku ile sikuweza kutulia. Niliosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa, nikaenda hadi njia panda bila shughuli, nikarudi, nikaenda tena. Kesho yake asubuhi nikasikia spana zinagongana chini ya gari, nikajua amekubali.

Nilikaa karibu nimpe mwanga wa tochi. Chujio la hewa lilikuwa limeshiba vumbi mpaka limekuwa zito. Mpira unaopeleka hewa kutoka kwenye turbo hadi injini ulikuwa na ufa, na yeye mwenyewe alikuwa ameufunga kwa ukanda wa tyubu. Hewa ilivujia pale, dizeli inazidi kumiminika. Aliniambia dizeli ikikosa hewa ya kutosha haiungui yote, na ile isiyoungua ndiyo inayotoka nyeusi. Akabadilisha chujio na mpira, akasafisha nozeli zinazopuliza dizeli, akarudisha skrubu ya pampu. Mwisho akafunga sailensa na bomba refu kwa klipu, likatokea nyuma kabisa.

Safari hii binti alipima, akapima tena, kisha akatabasamu. Tulipita. Nilipokea kazi na nikaendesha kurudi nyumbani naimba, ingawa gari lilipanda vilima vya mchanga kama limebeba kisiwa kizima.

Haukupita muda mrefu nikaona gari limepata nguvu. Nilifurahi, nikadhani injini imezoea, na kelele iliyozidi sikuitilia maanani. Siku moja nilimchukua mama mmoja wa Bweni, uchungu umeshamwanza. Vioo tulifunga kwa ajili ya vumbi. Njia nzima alikohoa, na kila akikohoa aliniomba radhi. Nilipotazama kwenye kioo cha pembeni niliona moshi mweusi unatoka chini ya mlango wake.

Nilimfikisha salama, akajifungua mtoto wa kike. Mimi nilibaki nje ya wodi nazunguka. Kisha nikaenda kuinama chini ya gari: bomba refu na sailensa havikuwepo.

Nilikuwa najua nani ameifungua tena skrubu ya pampu na nani ametoa lile bomba. Sikumgombeza mume wangu. Asubuhi iliyofuata alikuwa na safari ya Kilindoni kununua vifaa, akashika mlango wa mbele.

"Leo kaa nyuma," nilimwambia. "Funga vioo, kama wagonjwa wanavyofunga."

Alinitazama, akaingia. Niliendesha kama nilivyoendesha na yule mama, bila kuongeza wala kupunguza. Nilimsikia akikohoa, halafu akanyamaza, halafu akakohoa tena. Karibu na kijiji cha Kirongwe akanigusa bega nisimame. Alishuka akachuchumaa kando ya barabara, macho mekundu.

"Yule mama alisema nini?" aliniuliza.

"Hakusema kitu. Alikuwa ananiomba radhi kwa kukohoa."

Aliinuka akafungua boneti palepale njiani. Akabana skrubu ya pampu, taratibu, huku anasikiliza injini. Tulipofika Kilindoni alikwenda kwa mchomeleaji, akataka bomba refu na sailensa vichomelewe kabisa, visitoke kwa spana. Hakuniomba radhi, na mimi sikumdai. Kurudi alikaa nyuma tena bila kuambiwa.

Sasa tunakwama, hasa kiangazi mchanga unapolegea. Nimejifunza kupunguza upepo wa tairi kabla ya kuingia pabaya, na koleo la kuchimbia halitoki kwenye bodi ya nyuma. Mguu wangu bado unaniwasha kukanyaga mafuta. Mgonjwa akigugumia nyuma na gari linajikokota, natamani ile nguvu ya zamani, natazama kioo, natazama barabara, moyo hautulii mpaka nione mapaa ya Kilindoni.

Wiki iliyopita mjamzito mmoja alipitiwa na usingizi nyuma yangu tangu kijiji cha Kanga, akalala mpaka geti la hospitali. Sikuwasha hata redio.