Wapya Thelathini wa Ukumbi wa Kufungasha

Katika ukumbi wa kufungasha sabuni, jina lake halisi lilitumika kwenye orodha ya mishahara tu. Wenzake walimwita Mzani. Aliweza kuinua boksi lililokwisha kufungwa, akalishusha, akasema, "Humu kimepungua kipande," na likifunguliwa, kweli kimepungua. Kazi alikuwa ameifanya miaka kumi na tisa, sita ya mwisho akiwa msimamizi.

Mwaka ule serikali iliwapunguzia kodi wenye viwanda vikubwa. Hoja ilikuwa fupi na redio iliirudia asubuhi na jioni: tajiri akibakiwa na kingi ataajiri wengi, na hao nao watanunua kwa wengine. Sharti lilikuwa moja, kwamba anayepata nafuu aonyeshe wafanyakazi wapya. Kiwanda cha sabuni kiliahidi thelathini.

Wapya wa kweli walikuja wanne, kuhudumia mashine ya kuviringisha karatasi ambayo tajiri aliinunua. Ishirini na sita waliosalia walipatikana kwa njia nyepesi. Ijumaa moja vibarua wa siku zote waliambiwa kazi imekwisha. Jumatatu wakaitwa, wakapewa barua za ajira ya kudumu, na siku ya kuanza kazi ikaandikwa kuwa ni Jumatatu hiyo. Hakuna aliyenung'unika. Kibarua akiugua, siku imepotea; mwenye barua ana likizo na ana matibabu.

Mmoja wao alikuwa wifi yake Mzani, dada wa mumewe, kibarua wa miaka saba. Goti lake la kulia lilihitaji kupasuliwa, na hospitali ilimpa tarehe siku ileile alipoonyesha barua.

Wiki mbili baadaye, Jumatano, mkaguzi wa kodi alifika baada ya chai ya saa nne. Meneja alitangulia, akapita meza kwa meza.

"Leo nyinyi ni wageni. Fanyeni polepole. Mkoseekosee kidogo."

"Na kukosea tutalipwa?" wifi akauliza. Meza nzima ikacheka.

Walijaribu. Lakini mkono uliokunja maboksi miaka saba haujui polepole. Mkaguzi alipomfikia wifi, alimkuta amegeuka pembeni akimsimulia mwenzake habari za mwenye nyumba wake, huku maboksi yanatoka mikononi mwake moja baada ya jingine, kona zimenyooka.

"Dada, una muda gani hapa?"

"Wiki mbili, mkuu."

"Mimi nina miaka kumi ya ndoa, na shuka bado nakunja nikiitazama," mkaguzi akasema, bila kutabasamu. Akamgeukia Mzani na fomu. "Msimamizi ni wewe. Wapya ni wangapi? Andika, uweke sahihi."

Meneja alimsogelea Mzani sikioni. "Nafuu ikifutwa, na barua zinafutwa. Bado wamo kwenye miezi mitatu ya majaribio. Utakayemharibia si mimi, ni wifi yako."

Mzani alilijua hilo. Kama fomu ingeuliza ni wangapi waliopata ahueni, angeandika thelathini. Haikuuliza hivyo. Na nje ya geti, kila asubuhi, walisimama watu waliosikiliza redio ileile wakaja na vyeti vyao. Kwenye karatasi za kiwanda, ishirini na sita kati yao walikuwa wameshaingia ndani.

Aliandika "wanne". Chini, penye nafasi ya maelezo, akaorodhesha majina ya wale wengine wote, na mbele ya kila jina miaka aliyofanya kazi. Ilimchukua muda. Mkaguzi alisubiri, akamwachia nakala.

Jioni wifi alikuja nyumbani, hakukaa.

"Umeniuza, wifi. Na hata bei hukutaja."

"Aliniuliza wapya. Wewe si mpya; miaka yako saba nimeiandika."

"Hilo ndilo nitakalomwambia daktari?" Akaondoka, chai yake ikabaki mezani.

Jumatatu meneja aliingia ukumbini na faili, akianza kukusanya barua. Watatu walikuwa wamekwisha kumpa alipomfikia wifi, ambaye aliendelea kukunja.

"Unachukua kwa sheria gani, mkuu?"

"Majaribio. Soma barua yako."

"Majaribio ni ya mgeni. Msimamizi ameiandikia serikali kwamba mimi nina miaka saba humu, nawe ulisimama palepale, hukukanusha. Mtu wa miaka saba mnamjaribu nini? Kama anajua njia ya chooni?"

Meneja alimtazama Mzani, kama mtu anayeomba msaada.

"Nakala ninayo," Mzani akasema. "Majina yote yamo, na miaka."

Wale watatu walinyoosha mikono, wakarudishiwa barua zao. Meneja akasema atamwuliza tajiri. Ama alimwuliza, ama hakuthubutu. Hakurudi tena na faili lile. Nafuu ya kiwanda ilisimamishwa nusu mwaka, kisha ikarudishwa, safari hii kwa ahadi ya watu kumi. Walioajiriwa kutoka nje ya geti, hadi Mzani alipostaafu, walifika saba.

Goti lilipasuliwa tarehe ileile. Mzani alikwenda hospitali siku ya pili, akakaa pembeni ya kitanda. Wifi aligeuza uso ukutani.

"Bado nimekukasirikia."

"Najua."

"Basi nisogezee mto, mguu unaniuma."