Mchangiaji Aliyezikwa Nansio

Nilipofungua kiwanda changu kidogo cha mikate hapa Mwanza, sikujua kwamba hata mwenye wafanyakazi wachache kama mimi anatakiwa kuwaandikisha kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii. Nilielimishwa na afisa mmoja aliyekuwa akipita duka kwa duka. Nikawakusanya vijana wangu na wazee wangu nikawaeleza: kila mwezi sehemu ya mshahara itakatwa, mimi nitaongeza sehemu yangu juu yake, zote zitaenda mfukoni kwa jina la mhusika. Akistaafu akiwa amechangia miezi inayotosha, atalipwa pensheni kila mwezi. Isipotosha, atapewa mafao yake kwa mkupuo. Akifa, wategemezi wake watapata haki yao.

Walinung'unika kidogo. Mmoja aliuliza ni nani aliyeahidiwa uzee. Mchoma mikate wangu, mtu wa makamo kutoka Ukerewe, mkimya, alibaki nyuma wenzake walipotawanyika. Akaniuliza taratibu kama ni lazima jina liwe lile la kuzaliwa.

Nilipokwenda ofisini Nyamagana kufuatilia, wote walikuwa wamepita isipokuwa yeye. Binti wa dirishani aliandika tena, akageuza kioo cha kompyuta nione. Jina lilikuwa lake, na la baba, na la mama.

"Mama, huyu mtu wako ni marehemu," alisema.

Nikarudi nikacheka, nikidhani nampelekea kichekesho. Yeye alikuwa anachomoa mikate tanurini. Aliweka trei chini, akafuta mikono, akasema, "Hawajakosea. Kaburi langu lipo."

Ndipo akanisimulia. Akiwa mtoto alipanda mtumbwi na baba yake, ukapinduka. Baba aliopolewa akiwa amekufa. Mtoto hakuonekana. Walimtafuta hadi wakachoka, wakazika shina la mgomba badala ya mwili wake, wakalia, wakanyoa nywele. Kumbe wavuvi wa upande wa pili walikuwa wamemwokota akiwa hajitambui. Alipopata nguvu wakamrudisha, akakuta matanga yameshaanuliwa. Mama yake alimwona akija njiani, akaingia ndani akafunga mlango. Wazee walisema aliyekwisha kuliliwa haingii tena kwa mlango ule. Wakampeleka Mwanza kwa mjomba. Miaka mingi baadaye, ndugu walipogawana shamba, kifo kikaandikishwa serikalini.

Ili rekodi irekebishwe, ilitakiwa ndugu wa damu aape mbele ya hakimu kwamba yu hai. Aliyebaki ni dada yake mkubwa tu. Tukapanda meli kwenda Nansio, na njia nzima mchoma mikate alikaa ndani, mgongo umeelekea ziwa.

Dada yake alikuwa bibi aliyenyooka, amejifunga kitenge kilichopauka. Nilimwamkia, akaitika vizuri, akanipa kigoda. Mdogo wake akapiga hatua mbele.

"Shikamoo, dada."

Bibi hakumtazama. Aligeukia shamba la mihogo, mahali palipokuwa na mawe yaliyopangwa na udongo uliofagiwa safi, akaitikia kuelekea huko:

"Marahaba."

Nilimweleza shida yetu, nikirudia mambo ya makato na michango, nikijisikia mjinga. Alisikiliza hadi mwisho. Akauliza swali moja: kama fedha hizo ni za mtu aliye hai tu. Nikamwambia ndiyo, mpaka ahesabiwe hai. Akaingia ndani akatoka na ndala na mwavuli.

Mbele ya hakimu alimgusa mdogo wake begani, kwa ncha za vidole, kama anayepima iwapo chungu bado ni cha moto. Akasema, "Huyu ndiye tuliyemzika." Karani aliacha kuandika. Hakimu akamwomba aseme kwa namna nyingine, naye akakubali kusema kwamba ni mdogo wake na yu hai.

Usajili ulichukua muda, lakini ulikamilika. Nikaanza kumchangia kama wenzake. Umri wa kustaafu ulimkuta miezi haijatosha pensheni, akalipwa kwa mkupuo, nayo ikatosha kujenga vyumba viwili Ukerewe, kwenye kipande alichorudishiwa na dada yake.

Mwaka jana nilikwenda kumsalimia. Nilifurahi kumkuta na dada yake wanakula pamoja, wanataniana kwa Kikerewe. Baada ya chakula bibi alichukua ufagio akaenda kwenye yale mawe. Nilimfuata, nikamuuliza kwa nini bado anahangaika na kaburi la mgomba, na mdogo wake yuko pale barazani.

"Huyo amerudi, nashukuru," alisema bila kuacha kufagia. "Lakini wa hapa bado huniamkia kila siku. Sasa yeye nimwachie nani?"

Nilimtazama mchoma mikate wangu wa zamani. Alikuwa amesikia. Aliinama, akaendelea kumenya muhogo wa jioni.