Dumu la Shangazi

Nakumbuka asubuhi moja hapa Mwera, mwanangu, nilipokuwa msichana mkubwa, bado sijaolewa. Mama alikuwa hodari wa kupika mafuta ya nazi. Akapatana na mgeni wa Ulaya: mafuta yawe namna moja, yasinuke moshi. Mama akatia dole gumba kwenye karatasi. Ukoo mzima hakuna aliyewahi kupata mteja kama yule.

Siku ya mafuta kuchukuliwa, madumu yalikuwa uani, mama yuko kisimani. Akaingia shangazi, dada yake baba, na dumu lake kichwani.

"Nasikia mnamuuzia Mzungu. Changanya na haya yangu."

Nikayanusa. Moto wake siku zote ulikuwa mkali, mafuta yanaungua.

"Shangazi, huyu mgeni anachagua sana."

"Anachagua yeye, au wachagua wewe? Mgongo huu umekubeba, leo mafuta yangu yanuka?"

Nikaona haya. Nikamimina kidogo kidogo katika kila dumu, nikidhani hayatajulikana.

Mgeni alifungua dumu la kwanza, akanusa. La pili. La tatu. Hakugomba. Akapanda gari lake, akaenda zake moja kwa moja.

"Ungeliweka pembeni," mama aliniambia nilipomweleza. "Dumu moja tungelila wenyewe. Wewe umeyaharibu yote kwa haya zako."

Hakupika tena mafuta ya kuuza. Sufuria lile kubwa likawa la kuazimwa na watu wenye harusi.

Mwaka jana dada yako, kule Usagara, alipata wageni wa nje, wanataka sabuni zake za nazi. Wifi zake wakaleta za kwao, naye akazitia mle mle katika mzigo wa wageni. Wageni hawapokei simu mpaka leo. Na mimi nilikuwapo, mwanangu. Niliziona zikitiwa, nikanyamaza, nisiwaudhi wakwe.

Basi nakwambia wazi. Mtu wa mbali hamjui shangazi yako, anajua mlichopatana tu. Kabla hujatia sahihi, waite ndugu, waambie kitakachoingia na kisichoingia, atakayenuna anune siku hiyo hiyo. Ukishindwa, uza nazi zako papa hapa, ule unachopata. Sijamwona hata mmoja wetu aliyeweza kuwazuia ndugu, wala sitaraji kumwona.

Mwenyezi Mungu akupe ulimi wa kusema hapana, na ukishaisema, akubakishie ndugu. Amin.